SAYANSI MPYA NA MWALIMU YULE YULE



Barua nyingi zilizofika ofisini petu kutoka kwa waalimu wa njia ile ya Garissa mpaka Modogashe hazisemi habari za mshahara. Tulidhani zingesema mshahara, maana ndiyo desturi ya barua za chama, na mshahara wenyewe haujatosha. Lakini zinauliza neno jingine. Mtu aliyesomea kufundisha Baiolojia na Kemia, akapelekwa peke yake katika shule iliyo mbali na lami, hana maabara wala mwenzake wa kumwuliza, ataufundishaje umeme kwa watoto wake, na mwisho wa muhula aandike alama zao kana kwamba majaribio yote yamefanyika? Swali hili ni swali la kazi. Basi ni swali la chama, na leo twalijibu hapa mbele ya watu wote.

Kwa madereva, watu wa hospitali na watu wa barabara ambao hupokea karatasi hii nao wana watoto shuleni, yafaa tueleze kwanza mabadiliko yenyewe. Chini ya 8-4-4, iliyoanza Januari 1985, mtoto alisoma sayansi kuwa somo moja katika shule ya msingi, kisha akifika sekondari alikutana na Fizikia, Kemia na Baiolojia, kila moja na mwalimu wake, tena katika chumba cha maabara ikiwa shule ilikuwa nacho. Mtaala mpya, huu wa umilisi uitwao CBC, ulianza nchi nzima Januari 2019 kwa madarasa ya chini. Watoto wa kwanza wa mtaala huo walifika Gredi ya 7 Januari 2023, wakafanya mtihani wa Gredi ya 9 mwisho wa 2025, na Januari 2026 wakaingia Gredi ya 10 katika Sekondari Pevu. KCPE ilifanywa mara ya mwisho 2023, na KCSE itafikia mwisho wake 2027.

Sasa, kati ya Gredi ya 7 na ya 9, ile Fizikia, Kemia na Baiolojia zimefungwa pamoja kuwa somo moja, Sayansi Jumuishi, na idadi ya masomo ilipopunguzwa mambo ya afya nayo yakatiwa humo humo. Na madarasa hayo matatu hayakupelekwa sekondari, kuliko na maabara. Yaliachwa katika viwanja vya shule za msingi, kuliko na madawati na ubao. Hapo ndipo shida ilipozaliwa.

Tuseme wazi, tusije tukasingiziwa: chama hakipingi Sayansi Jumuishi. Waliofikiri kuziunganisha sayansi hawakufikiri vibaya, na mtu wa Modogashe atalielewa jambo hili upesi kuliko mtu wa mjini. Chini ya ardhi ya upande huu, kutoka Merti kwenda Habaswein mpaka Dadaab, mna maji mengi ambayo wataalamu huyaita hifadhi ya Merti. Maji ya katikati yake ni matamu, na ya pembeni yana chumvi. Mwenye kuyatoa anahitaji pampu, na pampu ni Fizikia. Chumvi iliyo ndani yake ni Kemia. Ugonjwa unaompata mnyama au mtoto kwa kunywa birika chafu ni Baiolojia. Hakuna aliyepata kuona maji yakigawanyika mara tatu ili yafuate ratiba ya shule. Mtoto aliyechemsha kikombe cha maji ya kisima mpaka yakakauka, akaona unga mweupe chini ya sufuria, kisha akafanya vile vile kwa maji ya mvua asione kitu, amejifunza jambo ambalo hatalisahau, na jioni mama yake atamsikiliza.

Vivyo hivyo Homa ya Bonde la Ufa. Mvua kubwa za 1997 na 1998, na tena zile za mwisho wa 2006, zilileta homa hiyo Garissa na jirani zake. Wanyama waliharibu mimba, watu wakafa, na biashara ya mifugo ikasimama. Mafuriko, mbu, mnyama na mtu: hilo ni somo moja, na mzee mfugaji hulijua nusu yake kabla ya daktari kufika. Mwalimu mwema aweza kuanzia hapo, akamwita hata mzee mwenyewe darasani. Chini ya mtaala wa zamani angeonekana anapoteza wakati. Mtaala mpya wamruhusu, nasi twaushukuru kwa hilo.

Basi ubaya uko wapi? Uko katika hesabu ya watu. Mwalimu wa sekondari katika Kenya husomeshwa masomo mawili. Ana Baiolojia na Kemia, au Hisabati na Fizikia, au Kiswahili na Historia. Hakuna wakati wowote katika miaka yake ya chuo aliofundishwa kuzishika sayansi tatu kwa mkono mmoja. Shule nyingi zilifungua Gredi ya 7 mwaka 2023 zikiwa na mwalimu mmoja tu wa kiwango hicho, naye akapewa masomo yote. Kama bahati ilimleta mtu wa Hisabati na Fizikia, watoto walipata sumaku na umeme, na habari za uzazi wa binadamu zikasomwa haraka haraka, mwalimu akitazama dirisha. Kama alikuwa wa Kiswahili na Historia, sayansi ilisomwa kama hadithi: hapo zamani za kale palikuwa na asidi na besi. Hatusemi hivi kwa kumcheka. Mtu huyo alikuwa akifanya kazi ya watu watano, na wengi wa aina yake walikuwa wanagenzi, watu wenye vyeti kamili waliolipwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, kwa kazi ile ile ya mwenye ajira ya kudumu.

Habari ya wanagenzi mnaijua, lakini yafaa iandikwe hapa kwa ajili ya watakaosoma baadaye. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira iliona kwamba kuwafanyisha kazi kwa namna ile si halali. Mwezi wa Mei waalimu wa Sekondari Msingi waligoma. Januari 2025 wapatao 46,000 waliingizwa katika ajira ya kudumu. Walishinda kwa kushikana, na sifa ni yao. Lakini mwezi ule ule maelfu ya wanagenzi wapya waliandikwa, kwa hivyo jambo halijaisha, limebadilisha majina tu. Nalo laingia moja kwa moja katika sayansi. Mtu asiyejua kama mwakani atakuwapo hapandi mbegu za kupimwa kila juma. Hakusanyi chupa, nyaya na betri kuukuu. Hamtafuti fundi wa pampu ili watoto waende kuiona. Anafundisha kilicho katika kitabu, anafunga kitabu, anangoja barua.

Tena kuna alama. Katika matokeo ya Gredi ya 9, asilimia 60 hutoka katika mtihani wenyewe, asilimia 20 hutoka katika mtihani wa Gredi ya 6, na asilimia 20 iliyobaki ni kazi walizofanya shuleni wakiwa Gredi ya 7 na ya 8. Mpango huo una uzuri wake, kwa maana siku moja ya homa haimwangushi mtoto kama zamani. Lakini alama hizo mwalimu huzipeleka kwa Baraza la Mitihani kwa mtandao, na mahali ambapo mtandao huja na kwenda kama mvua ya kiangazi, mwalimu hupanda bodaboda mpaka penye saiba, au hununua bando kwa fedha yake na kukaa usiku nje ya nyumba akiinua simu juu. Hatujaona mahali popote ambapo gharama hiyo imeandikwa kuwa ya mwajiri. Katika kazi nyingine mfanya kazi akinunua chombo cha kazi kwa mfuko wake, chama husimama siku hiyo hiyo. Waalimu tumezoea vibaya.

Kwa upande wa mtoto, alama za shuleni zataka mtoto aliye shuleni. Kuanzia mwisho wa 2020 mpaka mwanzo wa 2023, mvua za misimu mitano zilikosa kunyesha sawasawa mfululizo katika nchi hii ya ukame. Mifugo ilihamishwa, na mahali mifugo ilipokwenda, watoto wengine walikwenda. Kisha mwisho wa 2023 yakaja mafuriko, njia zikakatika. Mtoto aliyekuwa na ngamia kwa miezi minne hakufanya jaribio la Februari wala la Juni. Karatasi yataka alama. Mwalimu aandike nini? Akiandika sufuri amemwadhibu mtoto kwa ajili ya mvua, na akiandika nambari nyingine amesema uongo. Waliotunga fomu ile hawakuliacha tundu la mtoto wa mfugaji, nasi twadai waliache.

Na lugha. Mtoto wa Modogashe husema Kisomali au Kiborana nyumbani, Kiswahili sokoni na barabarani, na sayansi humjia kwa Kiingereza. Tumeketi nyuma ya darasa moja la upande huu, tukamsikia mwalimu akisoma jina la jambo kwa Kiingereza, akalieleza kwa Kiswahili, kisha msichana wa mbele akageuka akawaeleza wenziwe kwa Kisomali, na hapo ndipo darasa likasema aa! Msichana yule alikuwa akifanya kazi ya mwalimu wa pili asiyekuwapo. Tulipouliza jambo lile kwa Kiingereza baadaye, wachache walijibu. Tulipouliza kwa Kiswahili, karibu wote walinyosha mikono. Mtihani utawauliza kwa lugha gani, mnajua.

Sasa tuje kwenye vifaa, kwa maana hapa ndipo maneno mazuri husemwa na fedha kidogo hutolewa. Waalimu huambiwa watumie vitu vinavyopatikana mahali walipo. Neno hili si geni. Mafunzo ya SMASSE, yaliyoanza 1998 kwa msaada wa Japani, yalitufundisha kwa muda mrefu kutengeneza vifaa kwa mikono yetu, na kuna wanachama waliofaidika sana nayo, ingawa manung'uniko ya posho hayakukosekana. Twakubali kabisa kwamba mengi yawezekana. Kitabu kikitaja kabichi nyekundu ya kupimia asidi na besi, mboga hiyo si ya soko la Modogashe, lakini maua ya bogavilia yakipondwa yakatiwa maji hufanya kazi: maji ya majivu huigeuza rangi yake kuelekea manjano, na ndimu huiacha nyekundu. Suusa, yale maziwa ya ngamia yaliyochacha, ni asidi ambayo kila mtoto ameionja. Jua la mchana wa Lagdera lapika yai, sembuse kukausha maji ya chumvi. Mwalimu asiyetumia vitu hivi na huku yuko navyo, sisi hatutamtetea.

Lakini hakuna mtu aliyepata kutengeneza hadubini kwa majivu. Chembe hai hazionekani kwa chupa ya soda. Umeme haupimwi kwa ulimi. Kuna mahali ubunifu wa mwalimu hufika ukingoni, na kutoka hapo ni fedha, na siku hizi neno ubunifu limekuwa jina la kutonunua. Serikali hupanga shilingi 15,042 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa Sekondari Msingi, na fedha zenyewe huchelewa. Shule ya watoto 300 yahesabiwa shilingi 4,512,600. Shule ya watoto 20, na shule za namna hiyo ziko nyingi katika nchi ya wafugaji, yahesabiwa 300,840 kwa kila kitu. Hadubini haiulizi shule ina watoto wangapi. Bei yake ni moja. Tena kuifikisha Modogashe ni ghali kuliko kuifikisha Thika. Kugawa fedha kwa vichwa ni haki mahali vichwa vinapokaribiana, na huku ni namna ya kuwanyima walio wachache.

Tena kuna jambo moja ambalo tungependa wakubwa wa elimu walisome mara mbili. Watoto wa KCPE walioingia Kidato cha 1 mwaka 2024 walikuwa wa mwisho. Mwaka 2025 hapakuwa na Kidato cha 1 popote katika shule za umma za Kenya. Sekondari zilikuwa na vidato vitatu, na mwaka 2026 zina Kidato cha 3, Kidato cha 4 na Gredi ya 10. Tangu sasa na kuendelea, sekondari ni madarasa matatu. Maabara iliyokuwa ikigawanywa kwa madarasa manne yagawanywa kwa matatu. Na ng'ambo ya barabara, pengine mwendo wa dakika kumi kwa miguu, Gredi ya 7, ya 8 na ya 9 wanachorewa hadubini ubaoni kwa chaki. Kwa nini watoto hao wasivuke barabara siku moja kwa juma, alasiri? Tumeuliza na kujibiwa kwamba shule ile ina mkuu wake na hii ina mkuu wake, na kwamba vifaa vikivunjika hakuna ajuaye nani alipe. Hayo ni mambo ya kuandikiana barua moja. Si sababu ya kumnyima mtoto miaka mitatu.

Ila hapa lazima tuseme neno kwa ajili ya mwenzetu ambaye husahauliwa. Msaidizi wa maabara, yule anayeosha chupa, anayepima kemikali na kuzifungia kabatini, mara nyingi ameajiriwa na halmashauri ya shule kwa mshahara mdogo. Madarasa mengine matatu yakiingia maabara yake, kazi yake imeongezeka. Basi saa hizo zilipwe. Chama hakitakubali maabara ifunguliwe kwa mgongo wa mtu mmoja asiye na sauti.

Kwa shule zilizo mbali, ambako hakuna sekondari ya jirani, vifaa viende kwao. Wapo watakaosema haiwezekani kwa njia zile. Mwaka 1996 huduma ya maktaba ya taifa ilianzisha hapa hapa Garissa maktaba ya ngamia: masanduku ya vitabu mgongoni, hema, na msimamizi, kutoka shule hata shule. Watu wa mbali walikuja kuipiga picha. Sanduku la hadubini mbili, sumaku, nyaya, litmasi na mizani halizidi uzito wa vitabu vile. Kama haitaki ngamia, malori hupita Modogashe kila siku.

Wazee wa kazi hii wanaotusoma watatikisa kichwa na kusema wameyaona haya. Ndivyo. Miaka ya 1960 ulikuja mpango wa Afrika wa sayansi ya shule za msingi, watoto wakaambiwa wawatazame wadudu na wapime kwa mikono yao, mambo karibu sawa na ya leo. Ulififia miaka ya 1970. Hisabati Mpya ilikuja ikaondolewa 1981. 8-4-4 ilitaka warsha za useremala na ufundi katika kila shule, wazazi wakachanga kwa harambee, na vyumba vingi vile viliishia kuwa stoo ya madawati yaliyovunjika. Vyama vya waalimu vilisema 2019 kwamba mwendo ni wa haraka mno. Mara zote kitabu kilitangulia, mwalimu akafuata, na kifaa kikabaki njiani.

Kuna jambo zito ambalo hatuwezi kuliruka tukiandika habari za Garissa, Wajir na Mandera. Novemba 2014 waalimu waliokuwa wakienda likizo waliuawa katika basi la Mandera. Februari 2018 waliuawa Qarsa, Wajir. Januari 2020 waliuawa Kamuthe, katika kaunti hii. Baada ya mauaji hayo Tume ya Huduma za Walimu iliwahamisha mamia ya waalimu waliotoka kaunti nyingine, na shule nyingine zilifungwa au zikabaki na mtu mmoja. Waliohama hatuwalaumu hata kidogo. Hakuna somo linalostahili damu ya mtu. Na waliobaki, waalimu wa hapa pamoja na vijana wa Kidato cha 4 waliolipwa na wazazi kidogo kidogo ili madarasa yasifungwe, hao twawavulia kofia. Lakini tuutazame ukweli: wengi wa waliokwenda walikuwa ndio wa Hisabati na sayansi. Pengo hilo halijazibwa, na Sayansi Jumuishi ilipofika 2023 ililikuta liko wazi.

Dawa inayotajwa na wote ni kuwapata waalimu wa sayansi wenye kuzaliwa huku. Ni dawa ya kweli. Lakini hesabuni miaka. Mtoto aliye Gredi ya 7 mwaka huu wa 2026 atamaliza Gredi ya 12 mwaka 2031, na akisomea ualimu atasimama mbele ya darasa karibu 2035. Mwalimu wa Fizikia wa Modogashe wa 2035 yumo leo katika darasa lisilo na sumaku. Asipoigusa sayansi sasa, akifika Gredi ya 10 atachagua mkondo mwingine kwa hofu, na hapo 2035 tutakuwa bado tunamngoja mtu kutoka mbali.

Serikali imesema yataka asilimia 60 ya wanafunzi wa Sekondari Pevu wafuate mkondo wa Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, na kila Sekondari Pevu yatakiwa iwe na mkondo huo. Katika karatasi, basi, mtoto wa Lagdera na mtoto wa Nairobi wana mlango mmoja. Ninyi mnaofanya kazi katika barabara ya Isiolo kuja Modogashe na kwenda Wajir mnaweza kutuambia mlango huo umefunguka kiasi gani. Tazameni ni nani apimaye udongo kwa mashine, ni nani asomaye ramani, na ni nani asimamaye juani na bendera ya kusimamisha magari. Kijana wa bendera ni mtoto wetu, na kazi yake ni halali, twaiheshimu. Ila hakuizaliwa nayo. Mahali fulani, akiwa na miaka kumi na mitatu au minne, kuna majaribio aliyosomewa badala ya kuyafanya.

Sasa neno kwa wanachama wenyewe, na hili si tamu. Tumeona kazi za waalimu ambao wana vitu vyote vya kufanyia jaribio nao wanaandika maelezo ubaoni dakika arobaini, watoto wananakili. Tumesikia pia kuna alama zilizotumwa za majaribio ambayo hayakufanyika. Sababu twazijua, tumezieleza juu kwa urefu. Hata hivyo alama ya uongo yamwumiza mwalimu kwanza, kwa maana ofisi ikitazama mtandao yaona majaribio yote yamefanyika Lagdera nzima, na yauliza: mnalalamikia nini? Kila nambari tuliyobuni imekuwa shahidi dhidi yetu. Hatuwezi kudai maabara kwa mdomo na huku tunaandika kwa mkono kwamba hatuihitaji.

Kwa hivyo chama chadai haya. Shule yoyote ya Sekondari Msingi isipewe mwalimu mmoja wa sayansi asiye na mwenzake. Wawe wawili, mmoja wa Fizikia, mmoja wa Kemia au Baiolojia, na kama shule ni ndogo, wagawane shule mbili na nauli yao ilipwe. Mafunzo ya Sayansi Jumuishi yafanywe Garissa na Modogashe, si kumwita mtu aje Nairobi kwa gharama yake, na yafanywe wakati wa kazi wenye kulipwa. Maabara za sekondari zifunguliwe kwa madarasa ya jirani, na msaidizi wa maabara alipwe saa zake. Shule za watoto wachache zipewe fungu la vifaa lisilohesabiwa kwa vichwa. Bando na nauli ya kupeleka alama iwe juu ya mwajiri. Na fomu ya alama iwe na mahali pa kuandika, bila adhabu kwa mtoto wala kwa mwalimu, kwamba jaribio halikufanyika na kwa nini.

Hili la mwisho hatulingojei. Kila mwanachama anayefundisha Sayansi Jumuishi na afungue daftari kuanzia Jumatatu. Upande wa kushoto aandike jaribio linalotakiwa na mtaala na tarehe. Upande wa kulia aandike limefanyika au halikufanyika, na kama halikufanyika, ni kitu gani kilichokosekana: hadubini, maji, mwalimu, au watoto wenyewe waliokwenda na mifugo. Aandike kweli tupu, hata pale kosa ni lake. Asitaje jina la mtoto yeyote. Mwakilishi wa chama katika kila shule atazikusanya daftari kabla ya shule kufungwa, na katibu wa tawi atazijumlisha. Tutakapokwenda tena ofisi ya elimu ya kaunti tutaziweka daftari hizo mezani kwanza, ndipo tuketi.